Gari Lililokataa Kunguruma

Mliokuwa nasi wiki jana mnaukumbuka mngurumo. Awinja alikuwa amepiga magoti kwenye matope ya uwanja wa kituo cha polisi, mtoto Edah mgongoni, akimwomba Mungu gari la mumewe lingurume walau mara moja tu. Ndipo mngurumo ukasikika, ukapanda, ukatikisa mabati ya kituo, na nafasi yetu gazetini ikaisha.

Poleni. Lilikuwa trekta la miwa.

Lilipita nje ya ua na trela zake mbili, likaacha mabua barabarani, likaenda zake. Gari la Andati, mume wa Awinja, lilikuwa pale pale, injini ikizunguka taratibu kama cherehani.

"Hapana," alisema Bwana Khisa, mkaguzi wa magari. "Hilo ni trekta."

Kwa wewe unayetusoma leo kwa mara ya kwanza, au uliyefungiwa nyama ndani ya ukurasa huu, mambo ni haya. Jumamosi iliyopita alasiri, Andati alikuwa akipandisha gari lake kwenye mwinuko wa kuingilia Shieywe. Ni stesheni wagoni la kijani, lililotoka kiwandani kabla Awinja hajavunja ungo. Katikati ya mwinuko injini ililia yenyewe, gari likaruka, likaacha barabara na kumzoa mtu aliyesimama kando ya mtaro.

Mtu huyo ni Osiako, jirani yake Andati. Ndiye aliyesogeza mpaka wa shamba hatua nne usiku mmoja, na siku nne kabla ya ajali, matangani, mbele ya waombolezaji zaidi ya mia, Andati alimnyooshea kidole akamwambia, "Utaona nitakachokufanya."

Sasa ni Alhamisi. Osiako yuko hospitalini na hajafumbua macho. Andati yuko seli, akiapa kwamba hakukanyaga mafuta. Bwana Khisa anatakiwa kutia sahihi ripoti yake saa kumi kamili. Gari likiwa na kasoro, ile ilikuwa ajali. Lisipokuwa na kasoro, ni jaribio la kuua, na Osiako akifa ni kitanzi.

Na gari lenyewe, tangu asubuhi, lilikuwa limetulia kama mtoto aliyeshiba.

"Saa nane na nusu," alisema Khisa, akitazama saa yake. "Fundi, una kingine?"

Fundi Husseini alitoa kichwa chake chini ya boneti. Alikuwa mtu wa Mumias, mwenye ndevu fupi na kofia ya kufumwa iliyokuwa nyeupe zamani, na ndiye aliyelitibu gari lile miaka sita.

"Waya wa mafuta haujakwama," alisema. "Springi ya kabureta inarudi vizuri. Choki iko sawa. Nimepiga resi mara tatu, inapanda na kushuka. Wallahi sioni kitu."

"Basi dereva alikanyaga mwenyewe."

"Sijasema hivyo, mzee."

"Mimi nitaandika hivyo." Khisa alikwenda kusimama chini ya baraza, kwa sababu mvua ya Kakamega ilikuwa imeanza kudondoka, kama kawaida yake saa hizo.

Awinja alijikaza asilie. Alimfuata Husseini, ambaye alikuwa ameingia kwenye kiti cha dereva na kukitazama kioo kidogo cha ndani. Kioo kilikuwa kimeelekezwa juu, kwenye dari.

"Mama Edah," Husseini alisema kwa sauti ya chini, "nikuulize kitu. Siku ile hii gari ilikuwa tupu, ama ilikuwa na mzigo?"

"Tupu. Yeye mwenyewe aliandikisha hivyo."

"Una hakika?"

"Kwa nini unauliza?"

Husseini alikirudisha kioo mahali pake, kisha akafuta vidole vyake kimoja kimoja kwa kitambaa, bila haraka, kama mtu anayetafuta njia ya kutokea.

"Kama ilikuwa na mzigo, pengine najua ugonjwa. Kama ilikuwa tupu, sijui kitu. Muulize tena."

Koplo Chemutai alikuwa mwanamke mwenye huruma aliyeificha chini ya sura kali. Alimpa Awinja dakika tatu kwenye dirisha la seli, akageuza mgongo.

Andati alikuja dirishani miguu mitupu. Alikuwa amekonda kwa siku tano kuliko wengine wanavyokonda kwa mwaka.

"Baba Edah, siku ile ulibeba nini?"

"Sikubeba kitu."

"Fundi anasema kama ulibeba mzigo anaweza kukuokoa."

"Nimesema nilikuwa peke yangu. Sikubeba mtu."

Awinja alikuwa ameuliza juu ya mzigo, si juu ya mtu. Alimtazama mumewe, na mumewe akatazama sakafu.

"Walinichukulia viatu," Andati alisema haraka, akibadilisha maneno. "Hii simiti ni baridi. Ningekuwa hata na zile akala zangu. Tangu nitoke Bukura sijaziona, sijui ni mbwa alizibeba."

Sasa ilikuwa zamu ya Awinja kutazama kando. Zile ndara za tairi alijua zilikokwenda. Zilikuwa na hadithi yake, na aliona hiyo si hadithi ya leo.

"Kama kuna mtu unamfichia," alisema, "mimi na huyu mtoto ndio tutalipa."

"Wacha, Awinja."

"Mwanamke?"

"Nimekwambia wacha."

Dakika tatu ziliisha. Awinja alitoka kwenye mvua na moyo wake ukiwa umebeba jiwe jipya. Mchana kutwa alikuwa akiogopa kumpoteza mume kwa serikali. Sasa aliogopa kwamba alikuwa amempoteza zamani, kwa mtu mwingine, na wala hakujua.

Edah alianza kulia kwa njaa. Hakukuwa na mahali pakavu isipokuwa ndani ya gari, basi Awinja alifungua mlango wa nyuma, akaingia nyuma kabisa, mahali pa mizigo, akakaa sakafuni na kumtoa mtoto mgongoni. Alimnyonyesha huku machozi yakimdondokea mtoto kichwani. Hakuyapangusa.

Edah aliposhiba alianza kuchokora, kama watoto wa miezi minane wanavyofanya. Alichokora ufa ulio kati ya sakafu na kiti, akavuta, akatia mdomoni. Awinja alimnyang'anya kile kitu.

Ilikuwa rozari ya mbao, kahawia, na msalaba wake ulikuwa umekatika mkono mmoja.

Rozari ile aliijua tangu utotoni. Ni ya Maximilla, mama yake mzazi, na Maximilla hajawahi kuingia ndani ya gari la Andati hata siku moja. Hawezi. Mama na mkwe wake hawapeani mkono, hawali mezani pamoja, na wakikutana njiani mmoja huingia kichakani mpaka mwenzake apite. Edah alipozaliwa, Maximilla alikuja kumwona mjukuu akalala kwa jirani. Kukaa gari moja na mkwe, magoti yako karibu na mgongo wake, ni jambo ambalo watu wazima hawalitaji.

Awinja alikumbuka kile kioo kilichogeuziwa dari, akaelewa. Andati alikigeuza ili asimwone mama mkwe wake.

Alishuka akiwa anakimbia.

Maximilla alikuwa nje ya lango la kituo, chini ya banda la mwuza maembe, na kikapu cha ugali na kuku mapajani. Kila siku alikuwa akimletea bintiye chakula, na kila siku hakuvuka lango, kwa sababu mkwe wake alikuwa ndani.

"Nimeretea wewe obusuma na kipande ya ingokho," alisema. "Kula kwanza. Ziwa itakauka."

Awinja alifumbua kiganja. "Mama, hii ni yako?"

Maximilla aliitazama rozari. Mkono wake ulikwenda wenyewe kifuani, mahali anapoiweka, ukakuta hakuna kitu.

"Umetoa wapi?"

"Nyuma ya gari."

Mvua ilipiga mabati ya banda. Maximilla alifunika kikapu chake, akakifunua, akakifunika tena.

"Goti yangu ilikuwa imekufa," alisema mwishowe, bila kumtazama binti yake. "Nirikuwa hapo steji na gunia mbili ya mahindi na mukungu ya ndizi, yako wewe. Mvua ikakuja. Yeye akaona mimi. Akasimamisha gari mbali, akatuma mutu aniambie niingie nyuma. Nikakaa nyuma ya gunia, nikafunika uso na leso. Hakugeuka, Awinja. Hata mara moja. Hata kioo aligeuza."

"Na gari likanguruma."

"Yenyewe. Mimi nilisikia yeye anaita Mungu. Tukagonga, mulango ya nyuma ikafunguka, nikatoka. Watu walikuwa wanabeba gunia na ndizi zangu, hakuna mutu ariniona."

"Umenyamaza siku tano, mama."

"Yeye pia amenyamaza."

Kwa hiyo hakukuwa na mwanamke wa pembeni. Mumewe alikuwa radhi kufungwa maisha kuliko kumwaibisha mama yake. Awinja alitaka kumkumbatia na kumpiga kofi kwa wakati mmoja.

"Wanataka kumnyonga, mama. Twende ndani uwaambie."

"Na nitaishi namna gani? Kila mahali nikipita watasemanga, Maximilla alikaa gari moja na mukwe. Wamama wa jumuiya wataninyima hata kiti."

"Utaishi ukiwa na mkwe. Usiposema, utaishi ukiwa na mjane."

Maximilla aliichukua rozari, akaivaa shingoni, mahali ambapo kila mtu angeiona, akajitwika kikapu, na kuvuka lango akichechemea.

Ilikuwa saa tisa na robo.

Bwana Khisa alisikiliza habari yote akiwa amesimama. Hakucheka, na kwa hilo Awinja alimshukuru kimoyomoyo.

"Fundi," aliita. "Mzigo unabadilisha nini?"

Husseini alivua kofia, akaikunja. "Mzee, injini inakaa juu ya mipira miwili. Mpira mmoja ukiwa mbaya, gari ikiwa tupu husikii kitu. Lakini tia mzigo, panda mlima na gia ya kwanza, injini inajiinua upande mmoja. Ikijiinua inavuta ule waya wa mafuta. Ni kama mtu amekanyaga. Na ikivuta mafuta inazidi kujiinua, na ikijiinua inazidi kuvuta. Ukikanyaga klachi inalala tena mahali pake, na hutaona alama."

"Kwa nini hukusema asubuhi?"

"Niliambiwa ilikuwa tupu."

Khisa alitazama saa yake. "Nataka kuona kwa macho. Mahali pale pale, dereva yule yule, mzigo ule ule. Na mama akae pale alipokaa."

Maximilla alifumba macho kidogo, kisha akatikisa kichwa kukubali.

Watu wa mjini walikuwa wamepata habari kabla gari halijatoka langoni. Walisimama kandokando ya mwinuko wa Shieywe na miavuli na majani ya migomba vichwani. Awinja alitangulia na gari la polisi pamoja na Chemutai na Husseini, akashukia juu kabisa, mahali ambapo angeona yote.

Aliona gari la kijani likisimama chini. Aliona mumewe akifunguliwa pingu, Khisa akikaa kando yake, askari wawili wanene wakipakiwa nyuma badala ya magunia. Kisha mama yake alikuja, leso usoni. Andati aligeuka akatazama mashamba. Mama akaingia kwa mlango wa nyuma. Umati ulinyamaza kimya cha kanisani, na mwanamke mmoja tu alisikika akisema, "Yamekuwa."

Gari lilianza kupanda. Awinja alishika kifua. Lilipanda polepole, likapita mtaro alipogongwa Osiako, likafika juu likasimama mbele yake. Halikuwa limenguruma hata kidogo.

Askari mmoja alipiga mwayo. Bwana Khisa alishusha kioo, akafungua karatasi zake, akatoa kalamu.

"Saa tisa na dakika hamsini," alisema. "Nimewapa kila nafasi."

"Bado kidogo, mzee," Awinja alisema. "Nakuomba. Mara moja tena."

"Mama, gari haliombwi."

Ndipo sauti ikatoka nyuma, chini ya leso. Ilimsemesha Khisa, si mwingine.

"Mwambie mwenye gari kwamba siku hiyo alisimama kwanza. Pale katikati. Ng'ombe zilikuwa zinavuka. Akasimama, halafu ndio akaondoka tena."

Andati alitazama mbele, mikono kwenye usukani. Yeye pia alimsemesha Khisa.

"Mwambie mama ni kweli. Nilikuwa nimesahau."

Bwana Khisa, aliyejikuta baina yao kama mkalimani wa watu wa lugha moja, alitazama mmoja, akatazama mwingine, akarudisha kalamu mfukoni.

"Geuza gari," alisema. "Likinguruma, kanyaga klachi papo hapo. Usiguse breki kwanza."

Walishuka mwinuko, wakapanda tena. Katikati ya mwinuko gari lilisimama, tumbo limelemewa, magurudumu yakinyonya matope. Andati alitia gia ya kwanza, akaachia klachi.

Boneti ilitikisika. Kisha gari la Andati likanguruma.

Lilinguruma kuliko lile trekta la miwa. Moshi mweusi ulitoka nyuma, pua ya gari ikainuka, watu wakatupa miavuli wakakimbilia mashambani, na Awinja, peke yake katika Kakamega nzima, alikuwa akipiga makofi na kulia kwa furaha. Kisha Andati akakanyaga klachi, injini ikashuka ikawa cherehani tena, na gari likasimama likiwa limepinda barabarani, hatua mbili kutoka mtaroni.

Khisa alishuka. Kofia yake ilikuwa imeanguka na hakuitafuta.

"Mguu wake ulikuwa juu," alisema, akimwambia Chemutai lakini kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia. "Nimeona kwa macho yangu. Hakukanyaga."

Andati alishuka pia. Hakumtazama mama mkwe wake, lakini alisimama akiupa mgongo mlango wa nyuma mpaka Chemutai alipomsaidia mama kushuka na kumkalisha kwenye gari la polisi. Awinja alikuwa ameshafika. Hawakukumbatiana mbele za watu. Andati alishika kisigino cha Edah pale mgongoni pa mama yake, akakibonyeza kidogo.

"Ulinidhania na mwanamke," alisema.

"Nilikudhania."

"Ulikuwa mkali."

Awinja alicheka, na hicho ndicho kicheko chake cha kwanza tangu Jumamosi. Tunawaomba mkiweke, kwa sababu hakikudumu.

Redio ya gari la polisi ilikoroma. Chemutai aliinamia dirisha akasikiliza, akasema "Ndiyo afande" mara mbili. Aliporudi, sura yake kali ilikuwa imevuka mpaka ikawa nyingine.

"Ni hospitali," alimwambia Khisa. "Osiako ameaga."

Andati alivua kofia ambayo hakuwa nayo, mkono wake ukapapasa kichwa kitupu. Alikuwa amegombana na Osiako miaka miwili, na alikuwa amekua naye miaka thelathini.

"Basi hii si ripoti ya ajali tena," Khisa alisema taratibu. "Fundi, fungua boneti. Nitolee huo mpira."

Husseini hakuondoka mahali alipokuwa.

"Fundi."

Husseini alikwenda. Alifungua boneti, akaweka jeki na kuiinua injini kidogo, kisha akaingiza mkono mpaka kwapani. Alikuwa amefumba macho, na midomo yake ilikuwa ikitembea. Alipoutoa mkono, kiganjani kulikuwa na kipande cheusi, kinene, kilichopasuka katikati na kuloa oili.

Khisa alikigeuza geuza. "Hiki si mpira wa injini. Hiki ni tairi. Kuna hata matundu ya misumari." Alikinyanyua ili mvua ikioshe. "Hii ni soli. Ni soli ya akala."

Hapo ndipo ardhi ilipomhama Awinja.

Mwezi wa tatu. Andati yuko Bukura, wiki nzima, kwa mafunzo ya wakulima pale chuoni, na ameacha neno moja tu: gari lisiguswe. Edah anawaka homa. Awinja anamwita Husseini, Husseini anaendesha mpaka hospitali, na wanaporudi wanaangukia shimo, kitu kinakatika chini. Mpira wa kweli wa injini hauko Kakamega, mpaka uagizwe, na Andati anarudi kesho. Weka chochote, fundi, asijue. Yeye mwenyewe aliingia ndani akatoka na akala za mumewe. Kwa muda tu, walisema. Mtoto alipona, mambo yakasahaulika. Na kwa Awinja kipande cha mpira kilikuwa kipande cha mpira. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kinaweza kunguruma.

Alimtazama Husseini. Husseini alikuwa akitazama kofia yake.

"Gari lina kasoro, na hilo nitaliandika," Khisa alikuwa akisema. "Lakini aliyeweka kitu hiki alijua kwamba kimo mle. Na mtu anayejua kwamba gari lake hunguruma likilemewa anaweza kulipeleka anakotaka, akaja kusema ni shetani. Sasa mtu amekufa. Nataka jina. Nani aliweka?"

Chemutai alifungua daftari, ukurasa mweupe.

"Mzee," Husseini alianza, "mimi kama fundi..."

"Ngoja," alisema Andati.

Alikuwa amemkaribia Khisa, akakitazama kile kipande. Alikijua. Mwezi mzima aliwatukana mbwa wa jirani kwa ajili yake. Alihesabu matundu ya misumari aliyoipiga mwenyewe, kisha akainua macho, polepole, kutoka kwenye soli mpaka kwenye uso wa mkewe.

Uso wa Awinja haukujua kudanganya. Haujawahi kujua, na Andati aliuoa kwa sababu hiyo.

Aliuona ukweli wote pale. Akamwona na Edah, aliyekuwa amelala, mdomo wazi, shavu likiwa limebanwa mgongoni pa mama yake.

Andati aligeuka akamnyooshea Koplo Chemutai mikono miwili.

"Akala ni zangu," alisema. "Andika Andati. Niliweka mimi mwenyewe."

"Unajua unachosema?" Khisa aliuliza. "Dakika kumi zilizopita ulikuwa mtu huru. Ukisema ulijua, unarudi kwenye yale maneno ya matangani."

"Najua."

Kule kwenye gari la polisi, leso ilishuka, na Maximilla, kwa mara ya kwanza tangu arusi ya binti yake, alimtazama mkwe wake usoni.

Chemutai alitoa pingu. Ya kushoto ilijifunga, ka. Mvua ilikuwa ikimwingia Awinja mdomoni, kwa sababu mdomo ulikuwa wazi na hakuna neno lililotoka. Edah alijinyoosha usingizini, akashika nywele za mama yake.

Chemutai alishika mkono wa kulia.